Ukipoteza medikali ya urubani Marekani: kibali maalumu, BasicMed, leseni ya spoti au glaida?

Hili swali naulizwa sana na ndugu zetu walioko Marekani wenye PPL (leseni ya urubani binafsi), wale wa kukodi Cessna 172, ndege ndogo, wikiendi wakazunguka na watoto, hawalipwi, wanaruka kwa mapenzi tu. Umri unasogea, siku moja daktari anakwambia moyo unadunda ovyo, au sukari imefika hatua ya insulini, au unakoroma mpaka pumzi inakata usingizini, na kinachokuja kichwani kwanza sio ugonjwa, ni medikali, kile cheti cha afya cha daraja la tatu cha FAA, mamlaka ya anga ya Marekani. Wengi wanadhani hapo ndo basi tena, wanaanza kutafuta mtu wa kumuuzia hedifoni. Jamani sio basi. Njia zipo kama tano hivi, ila zina mpangilio wake, na ukianza na isiyo yako unaweza kujifungia zingine mbili kwa mkono wako mwenyewe. Ndo maana nimekaa kuandika.

Swali la kwanza kabla ya kulinganisha chochote: ombi lako la mwisho la medikali liliishaje? Kama ulipewa cheti na kikaisha muda wake chenyewe (chini ya miaka 40 kinakaa miezi 60, ukishafika 40 ni miezi 24), uko vizuri, karibu kila mlango uko wazi. Kama uliomba ukakataliwa, au cheti kilisimamishwa au kufutwa, BasicMed (njia ya kupimwa na daktari wa kawaida badala ya medikali) imefungwa na leseni ya spoti (ya ndege ndogo) kwa kutumia leseni ya udereva imefungwa pia. Watu wawili wana ugonjwa uleule, dawa zilezile, mmoja anaruka Jumamosi hii na mwingine yuko nyumbani anasubiri barua, tofauti yao ni kwamba mmoja aliuliza kwanza na mwingine alikimbilia kujaza fomu.

Ile fomu, namba 8500-8, unaijaza mtandaoni kwenye MedXPress. Swali la 17 dawa unazotumia, la 18 ni orodha ndefu ya magonjwa, umewahi au hujawahi maishani mwako, la 19 madaktari wote uliowaona miaka 3 iliyopita. Ukimaliza unapewa namba ya uthibitisho. Sasa sikiliza hapa: mpaka hapo bado hujaomba kitu. Ombi linaanza pale daktari aliyeidhinishwa na FAA anapoingiza ile namba kwenye mfumo na kuanza kukupima, na likishaanza huwezi kusema basi nimeghairi. Atakupa cheti, au ataahirisha na faili liende Oklahoma City waliko watu wa afya wa FAA, au atakataa. Kwa hiyo ukiwa na wasiwasi nenda kwa huyo daktari kama mshauri tu, mlipe muda wake, mpelekee makaratasi yako, na ile namba usimpe kwanza. Ni jambo halali kabisa na madaktari wazuri wamelizoea.

Na nisieleweke vibaya, sifundishi mtu kuficha. Kifungu cha 61.53 cha kanuni za FAA kinasema ukijua una tatizo la kiafya linalokuzuia kuruka salama hurushi, hata kama cheti bado kina mwaka mzima mfukoni. Na kudanganya kwenye ile fomu ni kosa la jinai la serikali kuu, kifungo mpaka miaka 5 na faini mpaka dola 250,000, imeandikwa humohumo kwenye fomu. Mwaka 2023 ilijulikana FAA inawachunguza marubani karibu 4,800 waliokuwa wanalipwa fidia ya ulemavu kama maveterani huku kwenye fomu zao wameandika hawana shida yoyote. Mifumo ya serikali inasomana siku hizi. Usijaribu.

Kibali maalumu au BasicMed?

Hapa ndo pana utata mwingi kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kibali maalumu ni FAA wenyewe kukwambia: ndiyo una ugonjwa ambao kwa kawaida unakunyima cheti, lakini tumeona vipimo vyako, tunakuruhusu kwa muda fulani kwa masharti haya. Kwenye kanuni kuna magonjwa 15 yanayokunyima cheti moja kwa moja, kama mshtuko wa moyo, kifafa, kubadilishiwa valvu ya moyo, kuwekewa betri ya moyo, bipola, saikosisi, kisukari cha kutumia dawa, utegemezi wa pombe au madawa. Nje ya hayo 15 kuna mengine mengi ambayo daktari wa FAA hawezi kukupa cheti papo hapo mpaka Oklahoma City waseme. Unakusanya vipimo vya moyo, ripoti za bingwa, rekodi za hospitali, unatuma, unasubiri, wanaomba kingine, unatuma tena. Inaweza kuchukua miezi mingi. Gharama inategemea ugonjwa: moyo utalipia vipimo vya kukimbia kwenye mashine na picha, na mambo ya akili au pombe unaweza kuingia kwenye tathmini za wanasaikolojia zinazofika maelfu ya dola ambazo bima ya kawaida hailipi. Na ukishapewa bado mara nyingi kila mwaka unarudi na vipimo vipya.

BasicMed ni kitu kingine kabisa. Ilianza tarehe 1 Mei 2017, baada ya Bunge la Marekani kupitisha sheria mwaka 2016. Hapa FAA hawasomi vipimo vyako. Unaenda kwa daktari yeyote mwenye leseni ya jimbo, hata huyo wako wa familia, mnapitia orodha ya uchunguzi pamoja, anasaini, halafu unafanya kozi ya mtandaoni, ya AOPA (chama cha marubani na wamiliki wa ndege) ni bure. Daktari kila miezi 48, kozi kila miezi 24. Ile karatasi ya uchunguzi huitumi popote, unaiweka na logibuku yako (daftari la safari zako), kwenye kozi unaandika tu jina la daktari, namba yake ya leseni na tarehe, na unakubali wakague rekodi zako za udereva. Masharti ya kuingia: uwe na leseni ya udereva ya Marekani iliyo hai, uwe umewahi kuwa na medikali wakati wowote baada ya tarehe 14 Julai 2006, na ombi la mwisho lisiwe limekataliwa.

Na unachoruhusiwa sio kidogo. Sheria ya 2024 ilipanua mambo, kuanzia Novemba 2024 unaruka ndege ya mpaka pauni 12,500 (kama kilo 5,670), abiria 6 na wewe wa 7, chini ya futi 18,000, kasi isizidi noti 250 (noti ni maili ya baharini kwa saa), usiku sawa, kwenye mawingu kwa vyombo sawa kama una ratingi (idhini) ya hiyo. Usilipwe tu. Kwa mtu wa Cessna au Cherokee hiyo ni ndege yote unayoweza kuitaka na bado kuna nafasi juu.

Kinachonifurahisha kwenye BasicMed, na ambacho watu hawakijui, ni kwamba orodha yake ya magonjwa yanayohitaji kibali maalumu ni fupi. Kwenye moyo ni mshtuko wa moyo, mishipa ya moyo iliyoziba ikahitaji tiba, valvu, na kupandikizwa moyo. Kwenye mishipa ya fahamu ni kifafa, kuzimia kusikoelezeka, na kupoteza udhibiti wa mwili ghafla bila sababu inayojulikana. Kwenye akili ni saikosisi, bipola, tatizo kubwa la tabia, na utegemezi wa ulevi ndani ya miaka 2. Basi. Na hata hayo kibali unakipata mara moja tu, kikiisha unahamia BasicMed hurudi tena Oklahoma City, labda upate jingine jipya kwenye hiyo orodha. Kukatika pumzi usingizini haimo. Insulini haimo. Moyo kudunda bila mpangilio, ile AFib, haimo. Yote matatu kwa medikali ya daraja la tatu yangekupeleka kwenye foleni ya kibali maalumu.

Kuna kaka mmoja Mtanzania yuko Texas, AFib ilimpata akiwa na cheti kimebakiza muda kidogo. Alipaki ndege mara moja, akatibiwa, akatulia kwenye dawa, daktari wa moyo akaridhika, cheti kikaisha chenyewe bila kuomba kingine. Ndo akaenda kwa daktari wa familia na ile orodha. Yule mama akapima macho, masikio, akasikiliza moyo muda mrefu, akagonga magoti, kisha akafika kwenye sentensi ya mwisho ya kusaini inayosema sijui tatizo lolote la kiafya ambalo kwa tiba ya sasa linaweza kumzuia huyu kurusha ndege salama. Akaisoma. Akaisoma tena. Akasema bila barua ya daktari wa moyo hasaini. Kaka alikuwa nayo kwenye bahasha tayari, ikatoka, akasaini. Nenda na makaratasi yako kamili, kwa sababu wako madaktari wengi wanaoogopa kusaini kitu kinachohusu ndege, na mwingine ukimwambia tu neno rubani anakwambia kliniki yetu hatufanyi hizo. Usigombane naye, tafuta mwingine, au muulize daktari wa FAA, wengi wao wanafanya BasicMed pia.

Kwa hiyo kwangu mimi, kama unastahili BasicMed na huna mpango wa kuruka kibiashara, BasicMed inashinda na wala sio kwa pointi chache. Kibali maalumu kina maana kwa watu wa aina tatu: aliye na ugonjwa wa ile orodha fupi, aliyeshakataliwa na anataka kujisafishia njia, na anayetaka kuruka nje ya Marekani. Hii ya tatu inatuhusu sana sisi. BasicMed haifuati viwango vya ICAO (shirika la kimataifa la usafiri wa anga), nje ya Marekani inakubalika nchi chache tu kama Bahamas. Usije ukatua Nairobi ukaenda uwanja wa Wilson ukategemea watu wa KCAA (mamlaka ya anga ya Kenya) wakutambulie karatasi ya daktari wako wa familia, huko utahitaji medikali kamili, na Dar kwa TCAA, wale wa Tanzania, ni vilevile. Kama ndoto yako ni kukodi ndege ukiwa likizo nyumbani ukawapeleka wazazi waione Kilimanjaro kwa juu, jipange kwa kibali maalumu mapema.

BasicMed au leseni ya spoti?

Kundi la spoti lipo tangu 2004, na sifa yake ni kwamba leseni ya udereva ndo medikali yako. Hakuna daktari, hakuna kozi. Shida ya zamani ilikuwa ndege, ilibidi iwe ndogo, viti viwili, uzito usiozidi kilo 600, na kuipata ya kukodi ilikuwa kazi kwelikweli. Sasa kanuni mpya zinazoitwa MOSAIC zilitangazwa Julai 2025 kwenye maonyesho ya ndege ya Oshkosh na upande wa marubani ukaanza Oktoba 22, 2025, na zimebadilisha picha yote. Kipimo sio uzito tena, ni ile kasi ya chini ambayo bawa bila kushusha flapu (vibao vya nyuma ya bawa) bado linabeba, isizidi noti 59, kama kilomita 109 kwa saa. Maana yake Cessna 172 nyingi na Piper Cherokee nyingi zimeingia. Ndege inaweza kuwa na viti vinne lakini unabeba abiria mmoja tu. Mchana, hali ya hewa nzuri, hakuna kuingia mawinguni, na urefu ni futi 10,000 au futi 2,000 juu ya ardhi, kipi kiko juu zaidi. Usiku unawezekana ila utahitaji mafunzo na BasicMed au medikali, sasa kama unayo BasicMed ya nini kujibana huku.

PPL yako huitupi, unaendelea nayo, unaitumia tu kwa mipaka ya spoti.

Nani achague hii basi? Mtu ambaye daktari wake hataki kusaini kwa woga wa kisheria, sio kwa sababu anaona hatari. Au ambaye medikali yake ya mwisho ilikuwa kabla ya Julai 2006, karudi angani baada ya kulea watoto na kulipia nyumba. Au anayeanza leo na hajawahi kuomba medikali kabisa, huyo BasicMed hawezi kuingia lakini spoti anaingia. Ila hapa mzigo wote wa kujipima uko kwako, hakuna mtu wa pili anayekuangalia, na hapo mi naona bora ujilazimishe kumuona daktari wako kila mwaka hata kama sheria haikudai, kwa sababu abiria wako huyo mmoja ni mkeo au mwanao. Na kumbuka ukinyang'anywa leseni ya udereva, kwa kuendesha umelewa kwa mfano, umepoteza na ndege hapohapo.

Ukiwa umeshakataliwa

Pole sana, na hapa naongea na wewe hasa, kwa sababu ukishapokea hiyo barua watu wanakwepa kukutazama machoni pale klabuni kana kwamba ugonjwa unaambukiza.

Milango iliyobaki ya kuruka mwenyewe ni glaida (ndege inayoelea, kwa kawaida bila injini), puto na ultralaiti. Ultralaiti ni kiti kimoja, kama ina injini uzito wake mtupu ni chini ya pauni 254, mafuta galoni 5, kasi isizidi noti 55, haidai leseni wala medikali, lakini huruki juu ya mji na huna wa kukaa naye. Puto ni zuri ila kulinunua na kupata watu wa kukusaidia chini ni shughuli. Glaida ndo jibu langu. Kanuni haidai medikali kwa glaida, hata aliyekataliwa anaruka, mradi mwenyewe kwa uaminifu hujui tatizo linalokufanya uwe hatari, na kama ugonjwa wako ni wa kuzimia ghafla basi hata glaida hapana, tusidanganyane.

Mwenye PPL ya ndege na saa zaidi ya 40 haanzi sifuri. Ni saa 3 kwenye glaida zikiwemo safari 10 za peke yako, pamoja na safari 3 za maandalizi na mwalimu, kisha mtihani wa kuruka, wa kuandika hakuna. Na mazoea ya injini utayaacha chini. Unavutwa na ndege nyingine kwa kamba, mikono inapambana kukaa nyuma yake sawasawa, kwenye futi elfu mbili tatu unavuta kishikio, kamba inaachia kwa mlio mmoja mkavu, anayekuvuta anakata kushoto wewe unakata kulia, halafu ni upepo tu kwenye kioo. Unaanza kutafuta hewa ya moto inayopanda, unaangalia ndege wakubwa wanazunguka wapi na wewe unaenda hapo. Marubani wa injini wengi wanakiri kwamba matumizi ya pedali wameyajulia kwenye glaida. Na kama kuvutwa hukupendi, kuna glaida zenye injini zinazojipaisha zenyewe, kisheria bado ni glaida, medikali haidaiwi.

Ukilinganisha na njia ya kuruka Cessna yako na mwalimu au rafiki mwenye cheti hai pembeni: yeye ndo kamanda kisheria, wewe unashika usukani, na kama una ratingi ya hiyo ndege zile saa unazishikilia mwenyewe unaziandika kwenye logibuku. Ni nzuri kwa kipindi cha kusubiri kibali, ujuzi haupotei. Kwa muda mrefu inachosha, ratiba ni ya mwingine, na mwalimu ni pesa kila saa. Iweke kama daraja, usihamie hapo.

Ndege yako usiiuze wiki ya kwanza. Naumia nikiona mtu anauza kwa hasira kwa bei ya kutupa kisha miezi sita baadaye BasicMed imekubali. Lakini pia usiiache imekaa hangani, injini isiporuka unyevu unaingia na kutu inaanza kwenye kamshafti. Tafuta mshirika aruke nayo, wewe ukae pembeni.

Kuhusu moyo wenyewe, wa ndani. Hili linauma, na sio udhaifu likikuuma. Deke Slayton alichaguliwa kwenye kundi la kwanza la wanaanga wa Marekani, 1962 wakamzuia kwa AFib, ileile ya kaka wa Texas. Hakuondoka. Akakaa ofisini NASA akawa anapanga wenzake nani aende safari ipi, wakaenda mpaka mwezini yeye yuko chini, wakamrudishia ruhusa 1972, akaruka 1975 kwenye Apollo-Soyuz akiwa na miaka 51. Kipindi cha kusubiri ni cha kukaa karibu na ndege, sio mbali. Ukiwa na cheti cha ualimu, kufundisha rubani mwenye leseni na medikali yake hakukudai wewe medikali. Ualimu wa darasani ni mitihani ya kuandika tu. Droni nazo hazidai cheti cha afya. Na kama kilichokukalisha chini ni sonona, tafadhali endelea na tiba, usiache dawa ili upate cheti, tangu 2010 FAA wanatoa vibali maalumu kwa watu wanaotumia baadhi ya dawa hizo, na sonona ya kawaida haimo kwenye ile orodha fupi ya BasicMed.

Ukiamua kwenda njia ya kibali maalumu usipambane peke yako. AOPA wana huduma ya kulipia ya kuwasaidia wanachama na kesi za medikali, EAA (chama cha wapenzi wa ndege) wana baraza la madaktari ambao wenyewe ni marubani. Barua ya FAA ikija ina tarehe ya mwisho ya kujibu, na kama hospitali inachelewesha rekodi zako andika mapema uombe muda uongezwe, kwa sababu kutojibu tu kunatosha kukupa barua ya kukataliwa hata kama moyo wako umeshapona.